Kupanua elimu ya awali iliyo bora: mwongozo kwa mashirika ya hisani

Mwaka 2019 UNICEF ilikadiria kuwa watoto zaidi ya milioni 175 waliofikia umri wa elimu ya awali hawakuwa wameandikishwa popote, yaani karibu nusu ya watoto wote wa umri huo duniani. Hakuna shirika la hisani linaloweza kuwaingiza wote darasani. Uwezo huo uko kwa serikali, na Lengo la Maendeleo Endelevu namba 4.2 linazitaka nchi zihakikishe kuwa ifikapo 2030 kila mtoto anapata malezi na elimu ya awali iliyo bora.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo shirika huyafanya vizuri kuliko wizara. Huingia mahali ambapo ofisi ya elimu haijafika. Hujaribu njia mpya bila kusubiri mzunguko wa bajeti ya taifa. Hukaa na mwalimu mmoja darasani, mwezi hadi mwezi, mpaka ufundishaji wake ubadilike. Mwongozo huu unahusu namna ya kutumia nguvu hizo tatu, na umejengwa juu ya swali moja la kuuliza kabla ya kutumia hata senti: darasa hili litaendeshwa na nani, kwa fedha za nani, siku shirika likiondoka? Msipoweza kulijibu kwa maandishi, msifungue darasa bado.

## Hatua ya 1: Hesabuni watoto kabla ya kuhesabu madarasa

Chukueni eneo ambalo mtoto wa miaka minne anaweza kutembea kwa dakika 15 hadi 20 kwa hatua zake mwenyewe, kwa kawaida kilomita moja hivi. Pitieni nyumba kwa nyumba mkiandikisha kila mtoto wa miaka 3 hadi 6. Daftari liwe na safu za tarehe ya kuzaliwa, lugha inayozungumzwa nyumbani, anayeshinda na mtoto mchana, kama anasoma na anasoma wapi, na kama hasomi, sababu ni nini. Sababu ndiyo safu yenye thamani kuliko zote. Familia inayokwamishwa na ada huhitaji msaada tofauti na ile inayokwamishwa na barabara ya magari mengi, au na mtoto mkubwa aliyeachiwa kulea wadogo zake.

Kuhusu watoto wenye ulemavu, msiulize "Je, kuna mlemavu hapa?" Familia nyingi zitakana. Ulizeni mambo ya kila siku: anaona vizuri? Anasikia akiitwa kwa nyuma? Anatembea kama wenzake wa umri wake? Watu wasio wa nyumbani wanaelewa anachosema? Kila jibu linaloonyesha ugumu liandikwe, maana ndilo litakaloamua mlango uwe na upana gani na mtoto akae wapi darasani.

Angalieni pia watoto wa miaka mitano ambao tayari wamejipenyeza darasa la kwanza. Utafiti uliofanywa Kambodia kuhusu ujenzi wa madarasa ya awali ulikuta kuwa baadhi ya watoto walioingia madarasa mapya walikuwa wametolewa shule za msingi walikoingia kabla ya umri, na hawakunufaika kwa kuhamishwa. Idadi ya waliojaza viti vyenu haiwaambii ni wangapi ambao awali hawakuwa na pa kwenda. Daftari la nyumba kwa nyumba ndilo linalojua.

## Hatua ya 2: Chagueni njia, kisha andikeni makubaliano

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni kuongeza darasa la awali ndani ya shule ya msingi ya serikali. Ndiyo rahisi kuikabidhi, kwa sababu jengo, mwalimu mkuu na orodha ya mishahara tayari vipo. Ya pili ni kuinua shule ndogo za watu binafsi au za jamii ambazo zinafanya kazi lakini hali ya ufundishaji ni duni. Ya tatu ni kufungua kituo kipya cha jamii. Hii ya mwisho ndiyo inayovutia wafadhili, nayo ndiyo ngumu kuliko zote kudumu. Ichagueni pale tu ambapo mbili za kwanza hazipo ndani ya umbali wa kutembea.

Hati ya makubaliano isainiwe na pande tatu: shirika, kamati ya wazazi na ofisi ya elimu. Ndani yake kuwe na mgawanyo wa nani analipa nini kwa kila mwaka, kuanzia wa kwanza hadi wa tano. Mfano unaofaa kwa mshahara wa mwalimu ni shirika kubeba asilimia 100 mwaka wa kwanza, 75 wa pili, 50 wa tatu, 25 wa nne, na sifuri wa tano; na mbele ya kila asilimia inayopungua liandikwe jina la chombo kitakachoibeba. Neno "jamii itachangia", likiachwa hivyo bila kiasi, tarehe wala mtu wa kukusanya, halitalipa mshahara wa mtu.

## Hatua ya 3: Pangeni bajeti kuanzia kwa mwalimu

Mashirika mengi huanzia kwenye jengo, kwa sababu jengo hupigwa picha, huzinduliwa na hubandikwa kibao chenye jina la mfadhili. Kisha fedha zinaisha kabla ya mwalimu kulipwa mwaka wa pili. Mwalimu akikaa miezi miwili bila mshahara hutafuta kazi nyingine, na hata akibaki, moyo wake haupo. Watoto wa miaka minne hawajengi uaminifu na paa. Wanaujenga na mtu yule yule anayewapokea kila asubuhi, na mtu huyo akibadilika mara mbili ndani ya mwaka, wale wenye woga huacha kuja.

Kwa darasa ambalo chumba chake kipo tayari, mgawanyo huu ni mahali pazuri pa kuanzia: nusu au zaidi ya bajeti iende kwenye mshahara wa mwalimu na msaidizi wake, robo kwenye mafunzo na mkufunzi wa kutembelea madarasa, na kinachobaki kigawanywe kati ya vifaa, chakula, matengenezo na upimaji. Mafunzo na ziara zikishuka chini ya sehemu moja ya kumi, mjue mnanunua uandikishaji tu.

Lipeni mshahara tarehe moja kila mwezi, kwa njia inayoacha rekodi, na wekeni akiba ya mishahara ya miezi mitatu ambayo haiguswi kwa jambo lingine lolote. Fedha za wafadhili huchelewa mara kwa mara. Hilo si jambo la kumshtukiza mwalimu nalo.

## Hatua ya 4: Andaeni mahali

Nafasi. Kanuni za England zinadai mita za mraba 2.3 za ndani kwa kila mtoto wa miaka 3 hadi 5, bila kuhesabu korido na vyoo. Kwa watoto 25 hiyo ni takriban mita za mraba 58. Chumba kikiwa kidogo zaidi ya hapo, punguzeni idadi ya watoto au gawanyeni zamu mbili. Madawati yaliyofungwa pamoja yatolewe. Yanakula nafasi na kumfanya mtoto akae tuli saa nzima. Mikeka na meza chache fupi, zenye kimo cha sentimita 45 hadi 50, zinatosha.

Maji. Viwango vya Sphere, vinavyotumika katika kazi za dharura, hutaja lita 3 kwa mwanafunzi kwa siku kwa kunywa na kunawa. Watoto 25 wanahitaji lita 75, na kama maji yanachotwa mbali, andikeni kwenye makubaliano nani anayaleta. Bomba au kibuyu chirizi kiwe sentimita 50 hadi 60 kutoka ardhini na sabuni iwe hapo hapo. Sabuni ikifungiwa kabatini, watoto watamwagia mikono maji tu.

Choo. Watoto wadogo huogopa tundu kubwa na giza, na wakiogopa hujisaidia kando ya choo au hukataa kuja shule. Tundu lisizidi upana wa sentimita 12 hivi, ukuta uingize mwanga, na mlango uweze kufunguliwa na mtoto kwa ndani.

Uwanja. Penye bembea au ngazi, pawe na mchanga uliolegea wa kina cha sentimita 30 na ulimwe upya kila wiki, kwa kuwa mchanga ulioshindiliwa hauna tofauti na udongo mgumu. Fanyeni hivyo kabla ya kufikiria rangi za ukutani.

## Hatua ya 5: Pateni mwalimu, kisha msimwache peke yake

Hapa ndipo ubora unapopatikana au kupotea, kwa hiyo tutakaa hapa kwa muda.

Msimchague mwalimu kwa vyeti na mahojiano pekee. Mpeni kila mwombaji watoto sita au saba, kitabu kimoja cha picha na dakika 20, kisha kaeni pembeni mtazame. Je, anainama au anakaa chini ili uso wake ulingane na wa mtoto? Mtoto akitoa jibu asilolitegemea, anamuuliza zaidi au anamkatisha? Anaona yule aliyekaa kimya? Mtu mwenye mambo haya matatu na elimu ya wastani hufundishika. Mwenye shahada lakini asiyependa kuwasikiliza watoto atawachosheni.

Uwiano. Chama cha Marekani cha elimu ya watoto wadogo, NAEYC, hupendekeza mtu mzima mmoja kwa watoto 10 na kundi lisilozidi 20 kwa umri wa miaka minne na mitano. Sehemu nyingi hazifiki hapo. Watoto 25 kwa mwalimu mmoja na msaidizi mmoja ni kiwango kinachobebeka. Watoto 50 kwa mwalimu mmoja si elimu ya awali hata darasa likiwa na vifaa vyote, na shirika linalokubali hali hiyo ili namba zake zipendeze linawadhuru watoto.

Mafunzo. Warsha moja ndefu kabla ya muhula kuanza haitoshi, kwa sababu mwalimu hukutana na maswali yake halisi baada ya kuingia darasani. Nchini Ghana, mpango uliojaribiwa katika shule 240 za eneo la Accra uliwapa walimu siku 8 za mafunzo zilizotawanywa katika mwaka, pamoja na kutembelewa darasani. Mazingira ya darasa yaliboreka na watoto wakawa tayari zaidi kwa shule. Mpangilio rahisi wa kuiga wazo hilo ni siku tano kabla ya kufungua, siku mbili katikati ya mwaka, na siku moja karibu na mwisho. Siku tano za kwanza zifundishe mambo machache hadi yakae mikononi: ratiba ya siku, kuuliza maswali yasiyo na jibu moja, kusoma kitabu kwa sauti, kuhesabu kwa kutumia vitu, na kutuliza darasa bila fimbo wala matusi. Kila jambo lifanywe kwa vitendo mbele ya wenzake. Mwalimu anayeketi akiandika nukuu siku tano atarudi darasani kuwaandikisha watoto nukuu.

Mkufunzi wa kutembelea madarasa. Kila ziara iwe na sehemu tatu: kutazama darasa kwa saa moja na nusu bila kuingilia, kufundisha kipindi kimoja kifupi mwenyewe huku mwalimu akitazama, kisha mazungumzo ya nusu saa baada ya watoto kuondoka. Mazungumzo yaishie kwenye jambo moja la kubadilisha kabla ya ziara ijayo. Jambo moja tu. Mwalimu anayepewa orodha ya makosa tisa hatarekebisha hata moja, na ziara ijayo ataandaa onyesho la kumridhisha mgeni.

Hesabu ya wakufunzi huharibu mipango mingi, kwa hiyo ifanyeni mapema. Mwezi una siku za kazi 22 hivi. Kila darasa jipya linahitaji ziara mbili kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Mkufunzi mwenye madarasa 8 anafanya ziara 16, anabaki na siku sita za vikao, taarifa, na siku ambazo mvua imefunga njia. Akipewa madarasa 15 atahitaji ziara 30, na hapo ama atapita kila darasa kwa dakika 20 akijaza fomu, ama atajaza fomu bila kupita. Mwaka wa pili ziara zikishuka kuwa moja kwa mwezi, anaweza kubeba madarasa 14 hadi 16. Mpeni usafiri na mjitenge kabisa na tabia ya kumtumia kama mkaguzi: siku ripoti yake ikisababisha mwalimu kukatwa mshahara, hakuna mwalimu atakayemwonyesha tena shida yake.

Ratiba ya siku. Saa tatu na nusu zinatosha kwa umri huu zikitumika vizuri:

- 2:00–2:20: kupokea watoto, kila mmoja akisalimiwa kwa jina, michezo huru
- 2:20–2:40: mduara wa nyimbo, mahudhurio na mazungumzo
- 2:40–3:30: kona za kujifunzia (sehemu za darasa zenye vifaa vya aina tofauti), mtoto akichagua mwenyewe
- 3:30–3:45: kupanga vitu na kunawa
- 3:45–4:10: chakula
- 4:10–4:40: michezo ya nje
- 4:40–5:00: hadithi ya kusomewa
- 5:00–5:20: vikundi vidogo vya hesabu au sauti za lugha
- 5:20–5:30: kuagana

Kinachoibwa kwanza ni zile dakika 50 za kona. Mwalimu akiona muda haumtoshi hukata kona na kuongeza kuimba herufi kwa pamoja, kwa kuwa darasa linaloimba kwa pamoja linaonekana linafanya kazi. Mkufunzi aanze kuangalia hapo. Lugha ya kufundishia nayo iwe ile ambayo mtoto anaitumia nyumbani, hasa katika hadithi na mazungumzo. Mtoto asiyeelewa hadithi hatajibu swali, na mwalimu atadhani ni mzito wa kuelewa.

## Hatua ya 6: Vifaa vichache, vinavyochezewa kweli

Kifaa kinacholipa kuliko vyote ni matofali ya mbao. Vipimo vilivyoenea duniani, vilivyotokana na kazi ya mwalimu Mmarekani Caroline Pratt mwanzoni mwa karne ya 20, ni sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5. Siri yake ni uwiano: unene ni nusu ya upana, upana ni nusu ya urefu. Mtoto akipanga mawili ya nusu sawa na moja zima tayari anashika hesabu. Fundi seremala anaweza kuyatengeneza kwa mabaki ya mbao ngumu. Agizeni 100 hivi kwa kona moja ya watoto watano: 50 ya kipimo kizima, 20 ya nusu yake, 15 ya urefu maradufu, na yanayobaki yawe pembetatu na vipande vya duara. Yapigwe msasa hadi kingo zote ziwe laini, na yaachwe bila rangi au yapakwe mafuta ya mimea. Rangi ya bei rahisi inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa ubongo wa mtoto. Fundi akikosea milimita tatu tu, minara haitasimama. Mpeni tofali moja la mfano, mkatae yasiyolingana nalo.

Kwa vitu vidogo kama vizibo, mbegu na shanga, tengenezeni kipande cha bomba chenye kipenyo cha ndani cha sentimita 3.2 hivi. Chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba mtoto mdogo, na kisiwe karibu na watoto wa chini ya miaka mitatu wala wale ambao bado wanatia vitu mdomoni.

Vitabu: heri majina 30 tofauti, kila kimoja nakala moja, kuliko nakala 30 za kitabu kimoja. Ongezeni mafumbo ya vipande 6 hadi 12, vyombo na nguo za kona ya nyumbani, mchanga na maji kwenye mabeseni mawili, karatasi na kalamu nene.

Ukifika darasani ukakuta vifaa vyote ni vipya baada ya mwaka mzima, jua vilifungiwa ofisini. Si uvivu wa mwalimu. Mara nyingi ameambiwa atalipa kitakachopotea. Andikeni wazi kuwa asilimia 10 ya vifaa inatarajiwa kuvunjika au kupotea kila mwaka na itajazwa na shirika bila maswali. Rafu ziwe za kimo cha sentimita 60 hadi 80 na ziwe wazi, ili mtoto achukue na kurudisha mwenyewe.

## Hatua ya 7: Zungumzeni na wazazi kwa uangalifu

Wazazi ni nguzo ya kazi hii, lakini mikutano ya kuwaelimisha haileti faida yenyewe tu. Katika utafiti ule wa Ghana, baadhi ya shule zilipata mafunzo ya walimu pamoja na mikutano ya wazazi, na huko faida iliyopatikana kwa mafunzo ya walimu peke yake haikuonekana. Malawi mambo yalikuwa kinyume: katika vituo vya jamii, mafunzo ya walimu yaliyounganishwa na mafunzo ya malezi kwa wazazi ndiyo yaliyowasaidia watoto kwa kipindi cha mwanzo, ingawa faida hiyo ilififia baadaye. Mazingira hutofautiana, kwa hiyo jaribuni katika madarasa machache kabla ya kueneza.

Mgongano wa kawaida unajulikana. Mzazi anataka daftari lenye maandishi. Ninyi mnamwambia mchezo ni kujifunza. Yeye anasikia kuwa mwanawe hafundishwi. Hotuba haimbadilishi. Mwalikeni akae darasani asubuhi moja kwa mwezi, akae kwenye kona ya matofali na mwanawe, na mwalimu aseme kwa sauti anachokiona: "Umeweka matatu huku na matatu kule, yamelingana." Mzazi akishaona hesabu ndani ya mchezo kwa macho yake, atawaeleza majirani.

Muwaambie pia faida nyingine ambayo watu wazima huielewa haraka. Nchini Msumbiji, tathmini ya shule za awali za jamii zilizosimamiwa na shirika la Save the Children katika mkoa wa Gaza ilikuta kuwa watoto waliohudhuria walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 24, wa kuandikishwa shule ya msingi. Kaka na dada zao wakubwa nao walihudhuria shule zaidi, na watu wazima wa nyumbani walipata nafasi ya kufanya kazi.

## Hatua ya 8: Ulinzi wa mtoto, kabla ya mtoto wa kwanza kuingia

Kila mfanyakazi, mjitoleaji na mgeni aliye karibu na watoto ahakikiwe na asaini kanuni za mwenendo. Mtu mzima asibaki peke yake na mtoto mahali pasipoonekana. Adhabu ya viboko ipigwe marufuku kwa maandishi, na mzazi ajue pa kulalamika ambapo si kwa mwalimu yule yule anayelalamikiwa. Kwa mashirika ya hisani kuna hatari ya ziada: picha. Msitoe picha ya mtoto pamoja na jina lake na mahali anapoishi, hata mfadhili akiomba, na msimpe mfadhili nafasi ya kumtembelea mtoto "wake" nyumbani.

## Hatua ya 9: Pimeni mambo machache mtakayoyatumia

Kila mwezi pateni namba tatu kwa kila darasa: mahudhurio ya watoto (siku walizohudhuria wote zikigawanywa kwa idadi ya watoto mara siku za shule), siku ambazo mwalimu alikuwepo, na ziara za mkufunzi zilizofanyika kweli. Mahudhurio yakishuka chini ya asilimia 75 kwa miezi miwili, mtu aende nyumba kwa nyumba na lile daftari la hatua ya kwanza.

Kila mwaka pimeni ubora wa darasa na hatua za watoto. Zana ya upimaji iitwayo ECERS, iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1980, huyapa mazingira ya darasa alama 1 hadi 7. Zana ya IDELA ya Save the Children hupima watoto katika nyanja za mwendo wa mwili, lugha, hesabu na mahusiano ya kijamii na kihisia. Zote zinahitaji wapimaji waliofunzwa na zana iliyorekebishwa kwa lugha ya watoto. Anayepima asiwe mkufunzi wa darasa hilo. Pimeni mwanzo na mwisho wa mwaka, na mpime pia madarasa ambayo hamkuyasaidia, kwa maana mtoto wa miaka minne hukua hata bila mradi wenu. Matokeo yasitumike kumpanga mtoto nafasi ya kwanza na ya mwisho.

## Hatua ya 10: Ongezeni kwa kasi ya wakufunzi

Madarasa 8 mwaka wa kwanza, na mkufunzi mmoja. Mwaka wa pili chagueni walimu wawili bora na muwaandae kuwa wakufunzi, huku mkijaza nafasi zao darasani kabla hawajaondoka. Hapo mnaweza kufikia madarasa 24. Kukimbilia 100 kwa sababu fedha zimeingia ghafla ndiyo njia ya haraka ya kurudi kwenye warsha moja na fomu za kujaza. Mfadhili akiwasukuma, mwonyesheni hesabu ya ziara 16 kwa mwezi.

Wakati huo huo wekeni kumbukumbu ya gharama halisi kwa mtoto mmoja kwa mwaka, ikitenganisha gharama za kuanzisha na za kuendesha. Ofisi ya bajeti ya serikali itauliza hiyo kwanza, na mashirika mengi huwa hayana. UNICEF imezitaka serikali zitenge angalau asilimia 10 ya bajeti ya elimu kwa elimu ya awali. Linganisheni na kinachotengwa sasa kwenu, nendeni kwenye vikao vya bajeti mkiwa na gharama zenu na matokeo yenu, na mwende pamoja na mashirika mengine. Wizara isiyosikiliza mashirika kumi yenye madai kumi inaweza kusikiliza kumi yenye dai moja.

## Hatua ya 11: Kuondoka kwa utaratibu

Mfano wa kujifunzia ni mpango wa shule za awali za Madrasa wa Aga Khan Foundation, ulioanzia Mombasa miaka ya 1980 na kuenea Zanzibar na Uganda. Ulifanya makubaliano na kila jamii, ukawafunza walimu na kamati kwa miaka michache, kisha shule iliyofikia vigezo ikahitimu na kuendelea chini ya jamii yenyewe. Shule ziliwekewa pia mfuko wa kudumu, ambao faida yake tu ndiyo hutumika. Hata shule zilizohitimu ziliendelea kuhitaji msaada wa kitaalamu wa hapa na pale, na hilo si kushindwa.

Vigezo vya kuhitimu viwe hivi: mshahara umelipwa kwa miezi 12 mfululizo na chombo kilichotajwa kwenye makubaliano, kamati inakutana na daftari lake la fedha linasomeka, mwalimu ana mwenzake aliyefunzwa anayeweza kushika nafasi yake, na darasa limebaki juu ya kiwango cha ubora mlichokubaliana kwa vipimo viwili vya mwaka. Kigezo kimoja kikikosekana, ahirisheni kwa miezi sita na mfanyie kazi hicho tu.

Mkishaondoka, rudini baada ya miezi 3, 9 na 18. Fikeni asubuhi kabla ya saa 2:00, bila taarifa kwa walimu, lakini kamati ikijua kuwa ziara za namna hiyo zipo. Angalieni rafu kama iko wazi, sabuni kama ipo bombani, na kama dakika 50 za kona bado ziko kwenye ratiba. Kisha muulizeni mwalimu, faraghani, alilipwa lini mara ya mwisho.